Nembo Inayopita kwa Fundi Mihuri

Nikionyeshwa nembo mpya, kabla sijasema nzuri au mbaya, naipunguza kwenye skrini mpaka ifikie ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Halafu naigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Wenye nembo hawapendi. Mtu amelipia rangi ya dhahabu, vivuli na mng'ao unaopita juu ya herufi, halafu wewe unamvua vyote mbele ya macho yake. Ndivyo nilivyofundishwa kutazama, na darasa lenyewe lilikuwa duka la uchapaji Kariakoo, nilikokuwa kijana wa kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kupokea flashi ya mteja, kuomba isiwe na virusi, kufungua faili na kuisukuma kazi kwenye mashine.

Duka la uchapaji linakuonyesha jambo ambalo dizaina aliyejifungia na kompyuta yake halioni: nembo ina maisha magumu. Itawekwa juu ya barua rasmi, barua ipigwe kopi, na ile kopi nayo ipigwe kopi. Itakwenda kwenye tisheti za semina, ambako kila rangi inataka fremu yake, kwa hiyo rangi tano ni fremu tano, na mwenye semina akisikia bei anauliza kama haiwezekani zikawa mbili. Itadariziwa kwenye kofia, na sindano haina huruma na mistari myembamba. Itabandikwa nyuma ya bajaji, huko jua liimalize, nyekundu ikitangulia kupauka. Itachapwa kwenye risiti ya mashine isiyojua wino wa rangi ni nini. Na kwa kuwa hii ni Tanzania, ambako karatasi bila muhuri ni karatasi tu, mwisho wa yote itakwenda kwa fundi mihuri.

Fundi mihuri wa jengo letu alikuwa na meza yake kwenye korido, karibu na ngazi. Hakuwa msemaji. Kila muhuri aliotengeneza aliupiga kwanza kwenye kaunta buku lake kabla ya kumkabidhi mwenyewe, akaandika tarehe pembeni kwa kalamu ya bluu. Umeme ukikatika, na enzi zile ulikuwa unakatika kwelikweli, nilikwenda kukaa kwake na kulipekua lile daftari. Humo mlikuwa na shule, makanisa, misikiti, vyama vya ushirika, zahanati, kampuni za ukaguzi wa mahesabu, saccos za kila aina. Saccos zilikuwa na ugonjwa mmoja: mikono miwili inayoshikana. Kwenye kompyuta unaiona mikono, vidole na hata mikunjo ya mashati. Kwenye daftari la mzee mikono yote ilikuwa imegeuka donge la wino, ukiambiwa ni viazi unakubali. Kampuni zilizopenda tufe la dunia lenye mistari ya latitudo ziliishia na duara jeusi. Kati ya madonge hayo ulikuwepo ushirika mmoja wa wakulima, gunzi moja la hindi na majani mawili, limekaa shwari. Shule moja ya msingi ilikuwa na kitabu kilichofunguliwa, kimechorwa kwa mistari michache mno, na kila ulipokiona ulijua ni kitabu.

Nikamuuliza mzee kwa nini hii imekubali na ile imekataa. Akanitazama kwa juu ya miwani.

"Mwanangu, mpira wa muhuri haujui bluu wala kijani. Unajua palipoinuka na palipochimbwa, basi."

Hapo ndipo nilipoanza kuziheshimu nembo ambazo zamani nilizipita tu. Panda wa WWF, shirika la kuhifadhi mazingira, kwa mfano. Shirika lilianzishwa mwaka 1961, na mchoro wa kwanza ulikuwa wa Gerald Watterson, kisha Peter Scott, mmoja wa waasisi, akauweka sawa. Wakati ule bustani ya wanyama ya London ilikuwa na panda aitwaye Chi-Chi. Walimpenda kwa uzuri wake na kwa kuwa alikuwa hatarini kutoweka, lakini ilikuwepo sababu nyingine ambayo mtu wa uchapaji lazima atabasamu akiisikia: ni mnyama mweusi na mweupe, kwa hiyo kumchapa ni rahisi mfukoni. Mtazame leo kwenye mlango wa gari lao. Kichwani kwa juu hana mstari. Mgongoni hana mstari. Yamewekwa mabaka meusi tu, masikio, macho, mabega, miguu, na jicho lako lenyewe linamalizia mnyama. Mpeleke kwa yule mzee wa korido, atakuletea muhuri safi kabla chai haijapoa.

Mwingine ni FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Bahasha yao ilifika dukani siku moja ikiwa na sampuli za karatasi, na mwenzetu mmoja akaniuliza kama nimeuona mshale. Mshale gani? Akanionyesha kati ya E kubwa na x: nafasi nyeupe iliyobaki hapo ni mshale kamili unaoelekea kulia. Ukishauona hutaweza tena kutouona. Aliyeuchora ni Lindon Leader, mwaka 1994, akiwa na kampuni ya ubunifu ya Landor. Hakuuchora kwa maana ya kuongeza kitu. Alizihangaikia herufi, akachanganya sifa za fonti mbili, Univers na Futura, mpaka ile nafasi ikakaa kwenye umbo lake. Nilichopenda zaidi ni kwamba hawakuupaka rangi ili uonekane. Dizaina wengi ninaowafahamu, na wateja karibu wote, wangeupaka rangi ya machungwa siku ile ile.

Hilo la nafasi tupu ndilo gumu kuliko yote kwa watu wa kwetu, au ndivyo nilivyokuwa nikiamini mpaka alipokuja mama mmoja wa Tanga.

Alikuwa anafungasha viungo vya pilau na alitaka nembo na lebo ya pakiti. Dizaina wetu alimchorea karafuu moja iliyosimama, jina la biashara chini yake, na pande zote akaacha rangi ya maziwa, wazi kabisa. Kwangu ilikuwa kazi safi. Yule mama akaishika ile karatasi ya jaribio, akaigeuza, akairudisha.

"Mwanangu, na hapa pameachwa nini?"

"Pameachwa papumue, mama."

"Papumue! Mimi nimelipia karatasi nzima. Weka pilau hapo. Weka na sufuria, na moshi unatoka."

Dizaina akaanza kumweleza mambo ya vitabuni, ya jicho kupumzika na ujumbe kuonekana, na kadiri alivyoeleza ndivyo mama alivyozidi kukunja uso. Aliyetuokoa ni shoga yake aliyekuja naye, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akijipepea na bahasha. Akamshika mwenzake ncha ya kanga. "We naye! Kanga yako hii wangeijaza maua mpaka juu ya jina, hayo maneno ungeyasoma wapi?"

Mama akaitazama kanga yake. Akacheka. Halafu akasema jambo ambalo dizaina hakuwa amelifikiria: "Basi kama ni hivyo, kanga yangu mbona haina pindo?"

Alikuwa na haki. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, ina jina linalokaa kwenye nafasi yake maalumu, na kila mwanamke wa pwani anajua kwa kutupa jicho tu kama vitu hivyo vitatu vimeelewana au vinagombana. Kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe wanayovaa maharusi, imeishi vizazi vingi kwa rangi tatu tu. Ukisoma maandishi madogo ya pembeni kwenye kanga za Mombasa utakuta K.H.E., Mali ya Abdulla, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887. Watu wameibeba ile alama viunoni zaidi ya miaka mia, na mama zetu wakiingia dukani wanaitafuta kwa macho kabla ya kuuliza bei. Hakuna tangazo linalofikia hapo. Nami nilikuwa natafuta mifano ya nembo zilizodumu kwenye majarida ya Wazungu, wakati moja ilikuwa imetandikwa juu ya kiti nilichokalia.

Lebo ikatiwa pindo jembamba la karafuu zinazofuatana. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, na dizaina, kijana asiyekubali kushindwa kirahisi, alilikubali hilo kwa kunyamaza.

Tovuti nilianza kuzitazama kwa makini baadaye, na kwangu simu ndiyo ilitangulia. Mtandao niliujulia kwenye Nokia ndogo yenye Opera Mini, ile programu ya mwaka 2005 ambayo ilikuwa inazibana kurasa kwenye seva zake kabla ya kukuletea, bando likapona. Kurasa zikifika zilikuwa zimepoteza mapambo. Zilizojengwa kwa mpangilio zilisomeka vilevile: kichwa cha habari juu, habari chini yake, linki mahali pake. Zilizotegemea mapambo zilifika zimechanguka, menyu juu ya menyu, na unachokitafuta kimezama chini kabisa ambako kidole kinachoka kukifikia. Mwaka 2010 Mmarekani Ethan Marcotte alieleza namna ya kujenga ukurasa mmoja unaojipanga upya wenyewe kulingana na upana wa skrini, na tangu hapo mbinu hiyo imekuwa ya kawaida kiasi kwamba hakuna anayeisifia. Lakini mpaka leo naona tovuti zilizotengenezwa kwenye kompyuta kubwa, zikakaguliwa kwenye kompyuta kubwa, zikaonyeshwa mkurugenzi kwa projekta na kupigiwa makofi. Mtumiaji mwenyewe anaifungua akiwa amesimama kwenye daladala ya Mbagala, mkono mmoja umeshika bomba. Anatafuta namba ya simu. Anakutana na picha tatu kubwa zinazopishana: Mlima Kilimanjaro, simba, na watu wenye suti wanaoshikana mikono, ambao ukiuliza pale ofisini hakuna anayewafahamu. (Mikono tena. Sijui tuna nini na mikono.)

Tovuti iliyonifanya nivue kofia ilikuwa ya kukatia tiketi za basi. Mama yangu alikuwa anarudi Singida, na mimi ndiye niliyekuwa namkatia, simu iko mkononi mwangu na yeye yuko pembeni anaelekeza. Ukurasa ule haukuwa na picha hata moja ya basi linalopaa barabarani. Ulichora viti tu, viwili viwili, njia katikati, na juu kulia ukawekwa usukani mdogo. Mama, ambaye hajawahi kununua kitu mtandaoni, akausogelea ule mchoro na kuusoma kabla sijamweleza.

"Huyu ndiye dereva. Kwa hiyo mlango uko huku. Mimi usiniweke mlangoni, vumbi. Niweke hapa, dirishani."

Akagusa mwenyewe. Kiti kikabadilika. Viti vilivyokwisha kuchukuliwa vilikuwa vimefifishwa na kutiwa alama ya mkato, na hilo nililiona kwa sababu wengi wanaishia kwenye nyekundu na kijani tu, wakasahau kwamba wapo wanaume wengi wasiotofautisha vizuri rangi hizo mbili, na kwamba juani saa saba mchana rangi zote za simu zinafanana. Kitufe cha kulipia kilikuwa kimoja, chini, pale dole gumba linapofika bila kunyoosha mkono. Bei ilikuwa imeandikwa juu yake, nzima, pamoja na makato. Nilikaa naitazama ile kazi hata baada ya ujumbe wa malipo kuingia, mama akaniuliza kama kuna tatizo.

Mtu aliyechora usukani ule alifanya uamuzi mkubwa sana. Bila usukani, mchoro wa viti hauna mbele wala nyuma. Kwa usukani mmoja, bibi wa Singida anajua mlango uko wapi. Sijui kama bosi wake aliligundua hilo. Nina wasiwasi aliuliza kwa nini hakuna picha ya basi.

Waingereza waliwahi kulipa tuzo jambo la namna hii hadharani. Mwaka 2012 serikali yao ilizindua GOV.UK, tovuti moja iliyokusanya huduma zilizokuwa zimetawanyika kwenye tovuti nyingi za serikali. Wakati ule ukiifungua uliona maandishi meusi juu ya nyeupe, basi. Mwaka 2013 jumba la Design Museum la London liliitangaza kuwa buni bora ya mwaka, na miongoni mwa zilizoshindana nayo lilikuwemo jengo refu la The Shard na lile bakuli la mwenge wa Olimpiki ya London. Hata herufi zake zina ukoo wa heshima: zinatokana na zile ambazo Jock Kinneir na Margaret Calvert walizibuni kwa ajili ya alama za barabarani Uingereza, herufi za kusomwa na mtu anayekwenda kasi, mvua inanyesha, na akikosea kona amepotea. Calvert mwenyewe, akiwa mtu mzima sana, alishirikishwa kuzirekebisha kwa ajili ya skrini. Mtu anayetafuta namna ya kusajili kifo cha baba yake hana tofauti kubwa na huyo dereva, naye ana haraka na akili yake iko kwingine.

Bei ni habari nyingine. Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi wa Portland State University alipochora ile alama ya Nike mwaka 1971, akalipwa dola 35. Phil Knight, mwasisi wa kampuni, hakuipenda sana mwanzoni. Mwaka 1983 kampuni ilimwita, ikampa pete ya dhahabu yenye ile alama na hisa. Hadithi hiyo wateja wetu wanaipenda, ila wanaikumbuka nusu yake, ile ya dola 35. Kila dizaina niliyemfahamu Kariakoo ameshaambiwa, "Kaka, si dakika tano tu hizo?" na kweli kuchora karafuu moja ni dakika tano. Zinazoliwa ni zile siku za kuzitupa karafuu nyingine zote.

Na kwetu hata jina la mchoraji halidumu. Mwaka 2017 magazeti yaliandika sana kuhusu Mzee Francis Maige, aliyejulikana zaidi kwa jina la Ngosha, aliyekutwa mgonjwa na katika hali ya dhiki Dar es Salaam, akitajwa kuwa ndiye mbunifu wa nembo ya taifa. Alifariki Mei mwaka huo. Wapo waliotaja jina jingine, na mabishano hayakwisha. Yaani mchoro ulioko kwenye pasi ya kusafiria ya kila Mtanzania unagombewa muasisi wake. Kinachonisumbua zaidi kama mtu wa fani ni kwamba nembo hiyo inaniharibia kipimo changu: ina mwenge, bendera, shoka, jembe, mkuki, mawimbi, mlima, pembe za ndovu, karafuu, pamba, na utepe wenye maneno. Ukiihesabu hivyo unasema haitapona hata kwenye kopi ya kwanza. Lakini ipunguze, ifanye nyeusi, bado unaitambua, kwa sababu ya wale wawili waliosimama huku na huku wakishika zile pembe zilizopinda. Umbo la nje linabeba yote ya ndani. Aliyeipanga, awe nani, alijua alichokuwa akifanya.

Siku hizi vijana wanakuja na nembo za akili unde. Simba, karibu kila mara, mwenye manyoya ya dhahabu na macho ya moto, na kivuli juu ya kivuli. Baadhi zinapendeza kweli kwenye simu. Nawauliza swali moja tu, tisheti mtachapa rangi ngapi, na mazungumzo yanaanzia hapo.

Yule dizaina wa lebo ya viungo alihamia Dodoma, anafanya tovuti sasa, na tunawasiliana. Majuzi nilikuta pakiti ya mama wa Tanga kwenye duka la Mangi mtaani kwetu, nikampigia picha nikamtumia. Karafuu ipo, pindo lipo. Isipokuwa mama ameongeza namba ya pili ya simu, na ameiweka katikati kabisa ya ile sehemu aliyokuwa ameambiwa ipumue. Dizaina akajibu kwa alama za kucheka, halafu akaniuliza ni fonti gani wametumia, maana imekaa vizuri.